Uzi: Anayetusukuma kiti uwanja wa ndege, tunadaiwa bakshishi?

BintiPangani (mleta uzi):

Wakuu, salaam kwenu.

Jambo hili limezunguka muda mrefu kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya watu wenye ulemavu, kila mtu akivutia kwake. Nimeona lije hapa wazi kwa sababu linawagusa pia wazee wetu wanaosafiri na watoto wao walioko ughaibuni. Yule mhudumu anayekusukuma kwenye kiti mwendo kutoka kaunta ya mizigo mpaka mlangoni mwa ndege, au anayekupokea ukishuka, unapaswa kumwachia pesa?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Hudaiwi. Ukiguswa ukataka kutoa, toa, mali ni yako. Ila toa mwisho kabisa, ukiwa umeshakaa kwenye kiti chako mwenyewe, pasipoti iko mkononi mwako na begi umelipakata. Pesa inayotoka kabla ya hapo mimi siihesabu kuwa zawadi, hata kama uliitoa ukicheka.

Wanaotembea kwa miguu yao hulinganisha jambo hili na mpagazi wa stendi. Mpagazi ukimkataa utabeba mwenyewe, au utamwita mwenzake. Mimi siwezi. Kiti changu kimeshapelekwa chini kwenye mizigo, nimekalia kiti cha uwanja chenye magurudumu madogo ambacho siwezi kukiendesha kwa mikono yangu. Mhudumu ndiye anayejua lango lipi, lifti ipi inafanya kazi, saa ngapi tuanze kusogea. Akisema "nakuja sasa hivi" akaniacha karibu na nguzo, nitakaa hapohapo karibu na nguzo mpaka arudi.

Kwa wasiojua, niwaeleze hatua moja tu ya safari. Njia ya katikati ndani ya ndege haipitishi kiti cha kawaida, kwa hiyo mtu asiyeweza kutembea kabisa huhamishiwa kwenye kiti chembamba, chembamba kuliko mabega ya mtu mzima. Unafungwa mkanda kifuani, mwingine mapajani, mwingine miguuni, unaambiwa ukunje mikono usije ukagonga viti vya abiria. Mmoja anavuta kwa nyuma, mwingine anashika mbele. Ukifika safu yako, mmoja anakushika chini ya makwapa, mwingine chini ya magoti, wanahesabu moja, mbili, tatu, unanyanyuliwa. Mkono wa kiti ukisahauliwa kufunguliwa, nyonga yako ndiyo itakayoupiga. Sasa katika hali hiyo, kabla hawajahesabu, mmoja akuinamie aulize kwa sauti laini: "Dada, leo hujatukumbuka?" Mimi nimeulizwa hivyo, katika uwanja ambao sitautaja. Nambieni wenyewe, jibu la hiari hapo ni lipi?

Na huduma yenyewe imeshalipiwa. Ulaya wana Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2008. Inasema abiria mwenye ulemavu au mwenye shida ya kutembea atahudumiwa bila malipo ya ziada, na mwenye jukumu ni uwanja wenyewe. Uwanja unaruhusiwa kuyatoza mashirika ya ndege kwa kila abiria, awe mzima au mlemavu, ili kugharimia huduma hiyo. Maana yake kila aliyekata tiketi amechangia, na mimi nimo. Waingereza walipotoka Umoja wa Ulaya waliibakiza kanuni hiyo katika sheria zao. Marekani wana sheria yao ya mwaka 1986 inayokataza mashirika ya ndege kuwabagua watu wenye ulemavu, na huko jukumu liko kwa shirika la ndege, si uwanja. Nako pia hakuna kutozwa.

Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, Kenya wana Katiba ya 2010, ibara ya 54, na sheria mpya ya mwaka 2025. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Sheria zipo. Ila mtu akishika mpini wa kiti chako hakuna anayekukumbusha kwamba zipo.

Nalileta kwa uchungu kwa sababu naona linakua. Safari moja hela ya soda, safari inayofuata soda imepanda bei, na asiyekuwa nayo anasubirishwa. Mwenye ulemavu wa kwetu mara nyingi tiketi yake imechangiwa na ukoo, au imelipwa na walioandaa mkutano. Hana akiba ya kugawa kila lango. Naomba mchango wenu, hasa waliowahi kufanya kazi hizo.

MjukuuWaKaranga:

Naunga mkono hoja kwa asilimia zote. Mkuu, umesahau kitu kimoja, sarafu. Mzee wangu alitua na shilingi mfukoni, mhudumu anasubiri dola. Akaambiwa mashine ya kutolea pesa ile pale, "nikusogeze?" Mtu ametoka safari ya usiku kucha, ana kisukari, anasogezwa kwenye mashine ya pesa badala ya kusogezwa kwenye chakula!

NimevaaFulana:

Dada BintiPangani, nimesoma mpaka mwisho na nashukuru umeita waliofanya kazi hiyo. Mimi nimewahi kusukuma viti, uwanja mmoja hapa Afrika Mashariki, chini ya kampuni iliyopewa zabuni. Naomba niwatetee wenzangu kidogo, kisha nikubaliane nawe.

Watu wanadhani tunalipwa na uwanja, au na shirika la ndege ambalo nembo yake iko kwenye mkia wa ndege. Sehemu nyingi sivyo. Shirika linaingia mkataba na kampuni ya kuhudumia ndege, na kampuni mara nyingine inachukua vibarua kupitia wakala. Kila mkono unaopita pesa unakata chake. Anayefika kwako na kiti ndiye wa mwisho kwenye foleni hiyo. Nauli ya daladala ya alfajiri anajilipia, na chakula cha zamu ni juu yake.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwenye orodha ya abiria kila anayehitaji msaada ana msimbo wake. WCHR ni yule anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila umbali mrefu unamshinda. WCHS ngazi haziwezi. WCHC hawezi hata hatua moja, ni wa kubebwa mpaka kwenye kiti chake. Ukiona WCHC mmoja unajua unahitaji watu wawili, kiti chembamba, na gari la kunyanyulia abiria. Gari likiwa bovu, mnabeba kwa mikono ngazini. Nimebeba watu wazima ngazini, mvua inanyesha, chuma kinateleza, na abiria ameshikilia kola yangu kwa hofu. Mgongo wangu wa leo ni wa kazi hiyo.

Sasa nikubaliane nawe. Msimamizi wetu alikuwa akisema wazi kwamba kupokea si kosa, kuomba ni kosa. Tatizo ni kwamba kati ya kuomba na kutoomba kuna mbinu nyingi. Kupunguza mwendo ukikaribia mlango wa kutokea. Kusimama mbele ya abiria badala ya nyuma yake. Kusema "basi mama, mimi naishia hapa" halafu usiondoke. Wote tulizijua, na abiria naye anazijua. Na kuna jambo baya zaidi ambalo watu hawalisemi. Ndege ikitua na viti kumi vinahitajika, vijana hawagombei WCHC. Wanagombea bibi wa WCHR ambaye watoto wake wanamsubiri nje na gari, kwa sababu huyo ana bahasha. Yule mwenye ulemavu mkubwa, asafiriye peke yake, ndiye anayebaki ndani ya ndege mpaka wasafishaji wanaingia.

BintiPangani:

Kaka NimevaaFulana, ahsante sana. Hiyo sehemu ya mwisho wengi wetu tumekuwa tukiihisi tu, leo umetuthibitishia. Kubaki ndani ya ndege wakati wengine wote wameshatoka nimekuzoea mno kiasi kwamba nilidhani ni utaratibu wa usalama. Kushuka mwisho ni kawaida, sawa. Lakini kushuka mwisho na kusubiri mtu apatikane wakati viti vimepita na abiria wanaoweza kutembea, hilo ni jambo jingine.

Ndiyo maana nasema bakshishi hii haina usawa hata kati yetu sisi tunaohitaji msaada. Inamvuta mhudumu kuelekea kwa mwenye nacho na kumwacha mwenye shida kubwa. Hata ningekuwa na uwezo wa kutoa kila mara, nikitoa napandisha dau kwa mwenzangu asiye na kitu atakayetua baada yangu.

Pole kwa mgongo.

MtuWaTwinCities:

Niko Minnesota mwaka wa kumi na kitu sasa. Uwanja wa Minneapolis ukipita utasikia lugha za nyumbani, maana wengi wanaosukuma viti na kuendesha vile vigari vya abiria ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Wasomali, Waoromo, Wahabeshi, na Wakenya wamo. Kwa hiyo nalitazama hili kutoka pande mbili, kwa sababu mama mkwe nikimpokea, anayemleta huenda ni jirani yangu.

BintiPangani, kwa Ulaya nakubaliana nawe moja kwa moja. Kwa Marekani naomba uongeze neno. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, mradi bakshishi zikijumlishwa zifikie kima cha chini cha kawaida ambacho nacho ni dola 7.25 tangu 2009. Sheria hiyo watu wanaijua kwa wahudumu wa migahawa, lakini kuna viwanja ambako wasukuma viti nao wamewekwa katika kundi hilo. Hapa Minnesota sheria ya jimbo hairuhusu mchezo huo. California nayo hairuhusu, jimbo la Washington vilevile. Ukivuka kwenda majimbo mengine, yule anayekusukuma pengine mwajiri wake ameshapiga hesabu ya mfuko wako kabla hujatua.

Hiyo ni dhuluma kwa pande mbili. Mfanyakazi anaambiwa mshahara wako uko kwa abiria, na abiria anaambiwa huduma ni bure. Wanakutanishwa mlangoni wakiangaliana machoni, na aliyepanga hayo yuko ofisini. Mimi nikiwa Marekani natoa. Wengi hutoa dola 5, na ukiwa umevushwa kutoka jengo hadi jengo, 10. Simlaumu asiyetoa.

FimboNyeupe_Msa:

Mie ni kipofu, niko Mombasa. Wenzangu mwazungumza viti tu, nasi tupo. Wasioona hupewa BLND, viziwi DEAF, na bado mtu ukifika waletewa kiti mwendo! Miguu yangu mizima. Naomba kiwiko cha mtu nikishike tutembee, naambiwa keti. Mhudumu akishanikalisha huwa rahisi kwake kusukuma wawili, huku mimi huku mwingine, mkono mmoja mmoja.

Kuhusu pesa. Noti za Kenya zilizotoka 2019 zina alama za kupapasa, naweza kujua nampa mtu nini. Dola za Marekani zote ukubwa mmoja, ya 1 na ya 100 mkononi ni sawa. Mahakama ya rufaa kule Washington DC iliamua mwaka 2008 kwamba hali hiyo inawabagua wasioona, na mpaka leo noti bado ni zile zile mkononi. Basi mie kabla sijasafiri humwomba mke wangu anipangie. Ya 1 naiacha wazi, ya 5 naikunja mara moja kwa upana, ya 10 kwa urefu, ya 20 mara mbili. Kila moja na mfuko wake. Sasa fikirini nimesimama katikati ya watu, fimbo kwapani, begi mgongoni, natakiwa nifungue mfuko nipapase noti mbele ya mtu nisiyemjua ambaye ndiye peke yake anayeniongoza. Akiniambia "hii ni ya moja, ongeza" nitambishia na nini?

Kwa hivyo sheria yangu mie ni moja, sifungui mfuko ndani ya uwanja. Nikifika nje kwa mwenyeji wangu, mtu ninayemwamini, akaona kijana kanitendea wema, yeye atampa. Na kijana akiwa kaniongoza vyema, namuuliza jina lake na namba ya beji. Nikifika nyumbani mwanangu huniandikia barua.

KijiwePasi:

Naona mnazungumza kama vile kutoa ni dhambi. Jamani, sisi ni watu wa utu. Kijana kakusukuma, kakubebea, kakupitisha uhamiaji bila foleni, unashindwa kumshika mkono? Hata dini zinahimiza kumlipa kibarua kabla jasho halijakauka. Mnaleta mambo ya Ulaya, kanuni namba fulani, mnasahau mila zetu. Na hao wanaojifanya wagonjwa ili waruke foleni je? Wapo wanaopandia kiti mwendo Dar na kushukia kwa miguu mbio mbio. Hao angalau walipe.

BintiPangani:

Kaka KijiwePasi, karibu, na sijakataa utu. Nimesema mwenye kutaka kutoa atoe akiwa huru. Mila zetu za kumshika mtu mkono zinafanyika mtu akiwa anaaga. Mgeni anaondoka, anamwachia mtoto wa nyumbani chochote, na mtoto hakuwa amemfungia mlango. Sina shida na hiyo hata kidogo.

Jasho la kibarua likauke au lisikauke, mwenye kudaiwa ujira ni aliyemwajiri. Mimi si mwajiri wake. Nikikubali kuwa mwajiri wake wa pembeni, yule wa kweli hataongeza mshahara hata siku moja, kwa sababu ataona mambo yanakwenda.

La foleni, nikuombe utazame vizuri. Kupitishwa mbele si fadhila. Nimekaa saa nyingi kwa mkao mmoja, huenda sijanywa maji tangu jana kwa sababu choo cha ndege siwezi kukifikia. Wenzangu watumiao kiti wanaelewa, unaanza kujinyima maji kabla ya safari kwa makusudi. Kunitoa haraka kwenye foleni ni kuniwahisha chooni.

Wanaojifanya wapo, sikatai. Lakini ulemavu mwingi hauonekani. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye seli mundu, mwenye mguu wa bandia aliyevaa suruali, wote watasimama na kutembea hatua kadhaa. Mimi siko tayari kuwa hakimu mlangoni mwa ndege, na nakusihi nawe usiwe.

BiHidaya:

Wanangu, mimi si mlemavu, ni mtu mzima tu wa magoti mabovu. Watoto wangu wako Ohio. Wananiombea kiti kila nikienda kwa sababu Kiingereza changu ni cha kubabaisha na pale Doha pa kuunganishia ndege ni pakubwa, nikipotea sitajua niulize nini. Wananiwekea na bahasha ya dola, moja ya Doha, moja ya kule. Leo nimesoma hapa kwamba bahasha yangu inamfanya mlemavu wa kweli asubiri. Nimeumia. Sasa nifanye nini? Mwezi ujao nasafiri.

NimevaaFulana:

Shikamoo Bi Hidaya. Wala usiumie, kosa si lako. Wazee kama wewe nimewasukuma wengi na nilifurahi kuwa nao, wananiombea dua njia nzima.

Kwanza waambie watoto wapige simu kwenye shirika la ndege. Kuna msimbo mwingine, MAAS, ni wa abiria anayehitaji mtu wa kumpokea na kumwongoza, hata kama anatembea. Ukiweza kutembea taratibu, huo unakutosha, na kiti kitabaki kwa asiyeweza. Magoti yakikataa umbali mrefu, basi kiti ni haki yako, omba bila aibu. Waombe mapema, angalau saa 48 kabla ya safari, wahakikishe umeandikwa kwenye kila kipande cha safari maana wengine huandika cha kwanza tu, ukifika katikati hakuna anayekujua.

FimboNyeupe_Msa:

Shikamoo Bi Hidaya. Nyongeza kwa waendao Makka. Ndani ya Msikiti Mtukufu kuna wasukuma viti wa kukodi kwa ibada za tawafu na sai, mnalipa. Huo ni ujira, hauna ubishi. Wazee wengi wakirudi na mazoea hayo hudhani na uwanja wa ndege ni vivyo hivyo, wanafungua mkoba kabla hata ya kuulizwa. Watoto wawaeleze tofauti mapema.

MtuWaTwinCities:

Shikamoo mama. Kwa upande wa huku, ukishuka ndege ya kutoka Doha utapita uhamiaji na mhudumu wako. Ukiona umeachwa mahali muda mrefu, sheria za Marekani zinasema abiria aliyeomba msaada na ambaye hawezi kujiendesha hatakiwi kuachwa peke yake kwenye kiti zaidi ya dakika 30. Na kila shirika lazima liwe na afisa maalumu wa kushughulikia malalamiko ya abiria wenye ulemavu, ana kwa ana au kwa simu. Watoto wakuandikie sentensi mbili za Kiingereza kwenye karatasi: "Naomba afisa wa malalamiko ya abiria wenye ulemavu" na "Naomba mumpigie mwanangu simu," pamoja na namba yake. Onyesha tu karatasi.

Watu msidharau malalamiko. Oktoba 2024 Wizara ya Usafirishaji ya huku iliipiga American Airlines faini ya dola milioni 50 kwa jinsi walivyowatendea abiria wa viti mwendo na kuharibu viti vyao. Faini hiyo ilitokana na uchunguzi, na uchunguzi ulijengwa juu ya watu walioandika.

BintiPangani:

Shikamoo Bi Hidaya. Bahasha usiitupe, ibadilishe kazi. Mpe mwanao anayekupokea. Ukitoka nje, ukiwa umeshamkumbatia na mizigo imeshaingia kwenye gari, kama yule aliyekuleta alikufaa, mwanao atampa kwa niaba yako. Ohio ni Marekani, yale aliyoeleza ndugu wa Twin Cities kuhusu mishahara yanahusu, kwa hiyo kutoa huko sina neno. Ya Doha iache nyumbani, maana pale unakuwa katikati ya safari, huna mwenyeji, na bado unahitaji kufikishwa kwenye ndege ya pili. Wengi wa wahudumu wa viwanja vya Ghuba ni vijana waliotoka mbali kutafuta maisha, wapo wa kutoka Kenya na Uganda. Ukisikia Kiswahili zungumza naye, mwombee dua, uliza jina lake.

Jina hilo ndilo la kuandika. Naomba hapa tuelewane sote, kwa sababu FimboNyeupe amelitaja na mimi naliamini kuliko noti. Kaka NimevaaFulana, hebu tueleze, barua za abiria zilikuwa zinafika kweli?

NimevaaFulana:

Zilikuwa zinafika, zile zilizoandikwa vizuri. Abiria akiandika "kijana mmoja mrefu alinisaidia," hiyo inakwenda kwenye kapu. Akiandika jina, tarehe, namba ya ndege na alichofanyiwa, msimamizi lazima aiweke kwenye faili lako, kwa sababu mteja wa kampuni, yaani shirika la ndege, ana nakala. Zabuni ikifika mwisho kampuni mpya inakuja, inachagua nani abaki. Mimi niliulizwa swali moja, "una barua yoyote?" Nilikuwa nazo mbili. Wenzangu wengi waliokuwa wakipata soda kuliko mimi hawakuwa nayo hata moja.

Mjue tu pa kuipeleka. Ulaya na Uingereza iende kwa uwanja. Marekani iende kwa shirika la ndege. Kwetu, shirika la ndege, na nakala kwa mamlaka ya viwanja, TAA kwa Tanzania bara, KAA kwa Kenya. Na kama kuna aliyekuomba pesa, andika vilevile, kwa jina na saa. Tanzania, akikwambia bila pesa hutahudumiwa, hiyo ni ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, haina malipo.

MjukuuWaKaranga:

Hii ya TAKUKURU kwa kijana wa viti naona ni nyundo kwa mbu. Ningeanza na msimamizi wake.

BintiPangani:

MjukuuWaKaranga, akidokeza, msimamizi anatosha. Akikuacha umekaa mpaka utoe, au akishika pasipoti yako mpaka utoe, mimi nitapiga 113 hapohapo kwenye kiti.

Bi Hidaya, nimekuandikia hiyo karatasi ya Kiingereza yenye sentensi mbili, nakutumia faragha. Acha nafasi ya namba ya mwanao, aijaze yeye. Ichapishe nakala mbili, moja ndani ya pasipoti, moja kwenye mfuko wa kitenge, maana pasipoti utaikabidhi mara nyingi.